Siku Niliyofika Ukweni Kinyumenyume

Nitawaambia, lakini mtu asinikatize, na asicheke kabla sijamaliza, kwa maana aibu ni yangu na nina haki ya kuipanga ninavyotaka. Hapa Mbuya hata muuza chapati wa njia panda anaisimulia, na anaisimulia vibaya, anasema eti niligonga nyumba ya watu. Sikugonga nyumba. Niliangusha turubai, na tena si turubai lote, ni upande mmoja tu, ule wa wanawake, na kama gari langu siku hiyo lingekuwa na gia ya kwenda mbele kama magari ya watu wengine, hata huo upande mmoja ungekuwa umesimama mpaka leo.

Tuanze na gari. Gari ni langu, si la mtoto wala la mkwe, la Kijapani, rangi ya chai yenye maziwa mengi, otomatiki. Mimi nilijifunza kuendesha kambini, marehemu mume wangu alikuwa dereva wa jeshi na alinifundisha kwenye uwanja wa gwaride kwa lori ambalo kuingiza gia yake kulitaka mikono miwili na dua. Mtu aliyefundishwa hivyo ukimpa otomatiki anaona kama amepewa kitanda. Unasukuma kijiti mpaka D, unakaa, gari linafikiri lenyewe. Lakini kuna jambo moja la marehemu ambalo sikuliacha, nalo ni kutia fri. Kwenye kijiti cha otomatiki pameandikwa N, lakini Kampala hii sijamsikia mtu wa rika langu anayeiita N, sisi tunasema fri, gari likiwa fri injini haishiki magurudumu, basi kwenye mteremko linashuka lenyewe na petroli inapumzika. Na mji wenyewe ndio huu wa vilima, hujamaliza kushuka unaanza kupanda. Nilikuwa nashuka fri, nikifika chini narudisha D, napanda, nashuka tena fri, mkono haupoi, nikijiona mwerevu kuliko hawa vijana wanaochoma petroli hata mahali ambapo jiwe lingeshuka peke yake.

Gari likaanza kubadilika tabia. Kwanza ilikuwa kishindo, ukitia D unasikia kama mtu amepiga teke chini ya kiti. Halafu likawa na uzito wa kuitika: unatia D, unasubiri, unasema bismillahi, unasubiri tena, ndipo linakumbuka kwamba liliitwa. Mwisho likaanza kutetemeka, si kila wakati, ni likifika mwendo fulani tu, mpaka meno yanagongana na ukitaka kuongea inabidi ungoje kona.

Nikalipeleka Katwe kwa fundi wangu, mtu wa maneno mengi ambaye kwake kila ugonjwa wa gari ni giaboksi. Taa za mbele zilipozimika alisema giaboksi. Nilipompelekea pancha, kabla hajainama kuangalia tairi aliniuliza giaboksi inaendeleaje. Kwa hiyo siku hiyo alipochomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akakunja uso, akanipa na mimi ninuse (ilikuwa nyeusi, inanuka kama sufuria lililosahauliwa jikoni, na oili ya giaboksi inatakiwa iwe nyekundu safi), akasema mama, giaboksi imeungua, liache hapa, mimi nilimtazama tu. Nikamuuliza kama pale kwake kuna gari lililowahi kuugua kitu kingine. Akasema hata wewe mwenyewe unasikia linatetemeka. Nikamwambia hata mimi natetemeka nikiamka asubuhi na hakuna aliyetaka kunifungua. Nikamwamuru aongeze oili mpya juu ya ile iliyoungua, nikaondoka na gari langu.

Hapo ndipo palipoharibika. Lakini na mimi nilikuwa na sababu, kwa sababu Jumamosi iliyokuwa inakuja ilikuwa kwanjula ya Rajabu.

Rajabu ni mjukuu wangu. Mama yake alikuwa binti yangu, alifariki mtoto bado anatambaa, nikamlea mimi, kwa hiyo kwenye mambo ya ndoa mama yake ni mimi. Binti aliyempata ni Shamimu wa Kisugu, Muganda, Mwislamu mwenzetu, mtoto anayesalimia watu vizuri. Na kwa Waganda, hata wakiwa Waislamu, huoi mpaka ufanye kwanjula, yaani upande wa mume mnakwenda na zawadi nyumbani kwa wazazi wa binti mjulishwe mbele ya watu, na mkikosea siku hiyo mnaweza kurudi na vikapu vyenu kichwani.

Shida yetu ilikuwa senga. Senga ni shangazi wa binti, dada ya baba yake, na kwa wenzetu shangazi huyo ndiye mwenye neno la mwisho. Huyu senga wa Shamimu hakututaka. Alikuwa amekwisha kusema mbele za watu kwamba sisi Wanubi wa kambini ni watu wa amri, tumezoea kupigiwa saluti, hatujui kupiga magoti, na mtoto wake akija kwetu ataamshwa kwa tarumbeta. Rajabu aliniletea maneno hayo akiwa ameinamisha kichwa. Akasema, "Habuba," (ndivyo sisi tunavyomwita bibi), "senga amesema siku hiyo kikiharibika kitu kimoja tu, hata kidogo, anafunga shauri." Akaniambia Shamimu amelia mpaka sauti imekauka. Rajabu mwenyewe hakulia, lakini chakula alikuwa anakizungushazungusha tu kwenye sahani, na mtoto huyo tangu nimlee sikuwahi kumwona anaacha chakula.

Basi niliposhauriwa nikae kwenye gari la kukodi pamoja na mashangazi wengine nilikataa. Nikasema msafara nitauongoza mimi, kwa mkono wangu, ili Kisugu waone kwamba bibi wa kambini anajua njia na anajua adabu. Na kwa ajili ya adabu hiyo hiyo nikaazima gomesi. Hiyo nguo ya wenzetu ni nzuri, sisemi kitu, ina mshipi mpana kiunoni na mabega yaliyosimama kama masikio ya paka, lakini haikushonwa kwa ajili ya dereva. Nikiketi, mabega yanapanda mpaka mashavuni, na shingo inabaki inaangalia mbele tu kama ya askari kwenye gwaride. Sikujali. Nilikuwa nakwenda mbele.

Tukatoka. Mimi kwenye usukani, Rajabu pembeni yangu na kanzu nyeupe na koti, na nyuma Mzee Sulaimani, msemaji tuliyemtafuta kwa sababu kwanjula inasemwa kwa Kiganda cha mafumbo ambacho sisi hatukiwezi. Alikuwa amezungukwa na vikapu mpaka kwenye kioo cha nyuma, na mapajani amebeba jogoo. Jogoo huyo si wa kuchezea, ni zawadi ya kaka wa binti, bila yeye kaka hamtoi dada yake. Nyuma yetu magari ya kukodi yamejaa mashangazi na ndugu.

Pale Mbuya panapoanza kuteremka mkono wangu ukaenda wenyewe. Fri. Rajabu akaniangalia, akasema taratibu kwamba fundi si alisema. Nikamwambia aangalie kanzu yake isikunjamane. Tukashuka vizuri, kimya, upepo unaingia, hata Mzee Sulaimani akasifu jinsi gari lilivyo laini. Chini nikarudisha D gari likiwa bado linakimbia, na hapo tukasikia kishindo ambacho sikuwahi kukisikia, jogoo akaruka mpaka kwenye kofia ya Mzee Sulaimani, na baadaye likaja tetemeko. Bugolobi yote tuliipita tukitetemeka. Mzee Sulaimani akauliza, maneno yakimkatika vipande vipande, kama barabara hii iko matengenezoni. Nikasema iko matengenezoni. Ilikuwa lami laini kama sahani.

Tukavuka reli pale Namuwongo, tukaanza kupanda Kisugu. Na hapo, katikati ya kilima, mahali ambapo njia ni nyembamba na pembeni kuna mtaro, gari likaacha kwenda. Injini haikuzimika. Injini ilikuwa inanguruma, nakanyaga moto unaongezeka, sauti inapanda, lakini magurudumu hayana habari, kama mtu anayepiga kelele kitandani kwamba ameamka na hajatoa hata mguu kwenye blanketi. Likaanza kurudi nyuma. Nikakanyaga breki. Nyuma yangu magari yote ya msafara yakasimama na kuanza kupiga honi, yakidhani tumeshafika na hizo ni honi za furaha.

Nikazipitia herufi zote kama tasbihi. D, hakuna kitu. Ile ya mlima iliyo chini ya D, hakuna kitu. Nikarudi P, nikazima, nikawasha, nikajaribu upya, hakuna kitu. Rajabu akasema tushuke, tupande gari la mashangazi. Nikamwambia bwana arusi hafiki ukweni amepakatwa, na tena hata tukishuka, gari lenyewe limeziba njia, hao mashangazi watapita wapi, watapaa? Wanaume wakaja wakataka kusukuma. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na kilima chote ni tope jekundu, na wao wamevaa kanzu nyeupe. Nikawaona kwa macho ya senga, wanaume wa kambini wamefika ukweni wekundu mpaka magotini. Nikawarudisha kwenye magari yao.

Kisha nikajaribu R.

R ikashika. Tena ilishika kwa furaha, gari liliruka nyuma kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, nusura tubusiane na gari la mashangazi. Nikakanyaga breki, nikakaa nikifikiri, na watu wangu wakiniona nafikiri walianza kuogopa.

Mzee Sulaimani ndiye aliyeelewa wa kwanza. Akasema, kwa upole sana, "Mama, mtu hapeleki mgongo ukweni."

Nikamwambia, "Mgongo utatangulia, uso utafuata."

Hapo kando palikuwa na geti la watu lililoinuka kidogo kutoka barabarani. Nikawaamuru walio nyuma wanipishe, nikarudi kinyumenyume nikaingiza mkia pale getini, halafu nikatia fri (ndiyo, ile ile, siku hiyo ilinisaidia mara moja), gari likateremka lenyewe nikiligeuza, pua ikaangalia chini kwenye reli na mgongo ukaangalia ukweni. Nikatia R. Tukaanza kupanda Kisugu kinyumenyume, bila kutetemeka hata kidogo, safi kabisa, na msafara ukitufuata.

Nawaomba mlifikirie jambo hilo. Dereva wa gari la mashangazi, ambaye alikuwa nyuma yangu tangu Mbuya, sasa alikuwa mbele yangu, pua kwa pua, na njia nzima tulikuwa tunatazamana. Mimi siwezi kugeuka kwa sababu ya gomesi, kioo cha nyuma kimezibwa na vikapu, naendesha kwa vioo vya pembeni, na kila nikiinua macho ni yeye. Alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake. Alijitahidi kuangalia angani. Mashangazi ndani mwake walikuwa wamefunika midomo kwa mitandio yao, na mmoja (simtaji, anajijua) alikuwa ameinua simu anapiga video. Vijana wa bodaboda wakajipanga pembeni wakitupigia makofi kana kwamba sisi ni waendesha baiskeli wa mashindano. Mmoja akaniuliza kama tunakwenda au tunarudi.

Tukafika. Niliwaona kwenye kioo cha pembeni, turubai jeupe zuri limefungwa mpaka ukingoni mwa barabara, kamba zake zimepigiliwa vigingi, na upande wa karibu wanawake wa Kisugu wameketi kwenye mikeka na gomesi zao zinang'aa, tayari kutupokea. Rajabu sikumruhusu kushuka kunielekeza, kwa sababu kwenye kwanjula bwana arusi hajitokezi mpaka aitwe, hiyo adabu nilikuwa nimefundishwa na niliishika. Nikasema nitarudi polepole, niliweke gari kando ya turubai, tushuke kama watu.

Sasa sikilizeni vizuri. Kampala hii mtu akikusaidia kurudisha gari nyuma, awe mlinzi au mpita njia, anasimama nyuma yako anapunga mkono na kusema kwa Kiganda, jja, jja, jja, yaani njoo, njoo, njoo. Kila dereva anaijua hiyo, hata asiyejua neno jingine la Kiganda. Basi mimi nikawasikia wale wanawake wakipaza sauti wote kwa pamoja, "Jjajja, jjajja, jjajja," na mikono inapunga. Moyo wangu ukalainika. Nikasema kumbe watu hawa ni wazuri, tumewasingizia, wameona nimezidiwa wananiita nije. Nikaongeza moto kidogo.

Wakapaza zaidi. Nikaongeza zaidi, nisionekane nimedharau msaada.

Jjajja kwa Kiganda ni bibi. Na mimi neno hilo nalijua, sokoni naitwa hivyo kila siku, jjajja njoo uone nyanya, jjajja kitunguu hiki. Lakini nani anakumbuka nyanya wakati huo? Hawakuwa wakiniambia njoo. Walikuwa wananiita. Bibi, bibi, bibi, na sehemu iliyobaki, ile ya simama, walidhani nitaimalizia mwenyewe.

Bampa ilishika kamba, kamba ikavuta nguzo, na nguzo ikainama. Upande wa wanawake ukashuka, tena haukuanguka kwa kishindo, ulishuka taratibu kama mtu mnene anayeketi, na wanawake wote wa ukweni wakapotea chini ya kitambaa cheupe. Pakawa na vilima vidogo vidogo vinavyotembea. Nikakanyaga breki na nikabaki nimeikanyaga, maana sikuwa na imani tena na herufi yoyote.

Rajabu akaruka nje, na hapo sikumkataza. Wanaume wa upande wao wakaja, wetu wakaja, wakawa wanainua turubai na wanawake wanatoka mmoja mmoja wakitambaa, hakuna aliyeumia, Alhamdulillahi, isipokuwa vitambaa vya kichwa. Kisha pakaonekana mkono unatoka chini ya turubai, mkono wa mwanamke mwenye bangili, unatafuta pa kushika. Rajabu alikuwa karibu. Akaushika, akauvuta, na akatoka mama yake Shamimu.



Wenzetu wana mwiko wanaouita obuko. Mwanamume na mama wa mke wake hawagusani, hawapeani mkono, wakikutana njiani mmoja anapisha. Anayeuvunja, wanasema, anashikwa na maradhi ya kutetemeka mikono na kichwa mpaka uzeeni. (Gari langu lilikuwa limeshaanza kutetemeka tangu Bugolobi, ila sikuona ni wakati wa kulisema hilo.) Na hapa mkwe mwenyewe, hata hajajulishwa bado, ameshika mkono wa mama mkwe mbele ya ukoo mzima, na ameushika vizuri, kwa vidole vyote, na kwa mshangao alikuwa bado hajauachia. Akauachia.

Senga akaja. Ni mwanamke mrefu, mkavu, anatembea kama anapima kiwanja. Akamtazama Rajabu, akamtazama wifi yake, akauliza kwanza kwa Kiganda halafu kwa Kiswahili ili na sisi tusikie vizuri, "Nani aliyemshika wifi yangu mkono?"

Nikamwona Rajabu anavuta pumzi. Namjua huyo mtoto. Alikuwa anakwenda kusema ni mimi, kwa sababu nilimlea hivyo, kwangu mtoto akisema uongo alikuwa anakula fimbo kwanza na chakula baadaye. Nikamwona Shamimu amesimama mlangoni pa nyumba, amepambwa, viganja viwili mdomoni. Mdomo wa Rajabu ukafunguka.

Mama Shamimu akawahi. Alikuwa anajikung'uta vumbi, hamwangalii mtu yeyote, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema chai iko tayari, "Ni jjajja. Jjajja ndiye aliyenivuta."

Watu wote wakageuka kunitazama. Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa ndani ya gari, mlango umefungwa, mkanda kifuani, mguu kwenye breki, na kati yangu na pale mahali palikuwa na vikapu, Mzee Sulaimani, jogoo, na nafasi ya kutosha kuchinjia ng'ombe.

Senga akaja mpaka dirishani. Akainama. "Ni wewe, mama?"

Jamani, mimi nina jina. Hapa Mbuya ugomvi wa majirani unaletwa kwangu kwa sababu inajulikana sipindishi neno, nimewahi kumwambia hata mwanangu mwenyewe mbele ya mkewe kwamba kosa ni lake. Na Rajabu alikuwa ananitazama, mtoto niliyemchapa kwa uongo mdogo kuliko huo. Nilijua nikisema kweli atarudi Mbuya anazungusha chakula kwenye sahani maisha yake yote.

"Ni mimi," nikasema.

Senga akaangalia mikono yangu iliyokuwa kwenye usukani. Akaangalia turubai. Akaniangalia tena.

"Kwa mkono upi?"

Nikainua wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umeung'ang'ania usukani. "Huu."

Halafu kutoka upande wa wanaume, chini ya lile turubai lililobaki limesimama, mzee mmoja wa Kisugu ambaye hakuwa hata ameinuka kwenye kiti chake akasema, taratibu, kama anamweleza jirani, "Watu wa jeshi hao. Mikono yao inafika mbali."

Nilimwona senga anapigana na mdomo wake. Aliubana, ukamtoroka upande mmoja, akaubana tena, ukamtoroka upande wa pili, na mwisho akashika paa la gari langu, akacheka, akacheka mpaka mabega ya gomesi yake yakaruka, na ukoo mzima uliokuwa umeshikilia pumzi ukaiachia. Mashangazi wangu nao walicheka kule kwenye gari lao, na wale niliwakumbuka baadaye, kila mmoja kwa wakati wake.

Akijifuta machozi, senga akatoa hukumu. Tutoke wote mpaka barabarani, tuingie upya, kwa miguu. Akaniambia, "Mgongo wenu tumeuona. Sasa tuleteeni uso."

Wanaume wakainua turubai, wakafunga kamba, wakalisukuma gari langu mpaka ukutani (kwa mbele lilisukumika vizuri tu, mnafiki lile). Tukatoka, tukajipanga, tukaingia upya kama hatujawahi kuonekana, mimi wa kwanza. Nilipofika mbele ya senga nilipiga magoti. Magoti yangu yalilalamika njia nzima lakini yalifika chini, yote mawili, kwenye mkeka, mbele ya watu, na nikamwamkia kwa Kiganda nilichofundishwa na Shamimu. Senga akanishika bega mwenyewe kuniinua. Mzee Sulaimani alisema mafumbo yake vizuri ingawa kofia ilikuwa na manyoya, jogoo alikabidhiwa kwa kaka akiwa amenyamaza kama mgonjwa, na Rajabu akaitwa, akajulishwa, akakubaliwa. Alikula sahani mbili. Nilihesabu.

Gari lilipelekwa Katwe likiwa limeburutwa na jingine. Fundi wangu alipoliona linaingia hakuuliza kitu, alikuja anajipangusa mikono huku uso unang'aa kama wa mtu aliyetajwa redioni, akasema, "Mama, giaboksi." Ilinibidi nisimame pale nimsikilize mpaka amalize, na alikuwa na mengi, alinionyesha sahani zilizoungua humo ndani, nyembamba kama chapati iliyosahauliwa, akaniambia kila niliposhuka fri na kurudisha D gari likikimbia ndivyo nilivyokuwa nazila. Ikafungwa giaboksi nyingine. Tangu siku hiyo kijiti kinaingia D nikiwa nyumbani kwangu na kinatoka D nimefika, mteremko uwe wa Mbuya au wa kwenda kuzimu. Na nyinyi mnaojifanya mnaokoa petroli kwenye vilima vya Kampala, nasema kwenu kwamba hiyo fri haina cha bure. Na gari likianza kutetemeka msiliongezee oili mkaondoka nalo, liacheni kwa fundi, hata kama fundi mwenyewe anawachosha.

Siku ya nikaha nilikwenda nimeketi kiti cha nyuma, mikono mapajani, nikiendeshwa. Mama Shamimu akaja kunipokea mlangoni. Tukasalimiana sana, tukaulizana habari za nyumbani mpaka zikaisha, na watu walipopungua akaushika mkono wangu wa kushoto, akaugeuza juu, akaugeuza chini, akaupima kwa macho kutoka begani mpaka kwenye kucha.

"Leo umefupika," akasema kwa sauti ya chini.

Nikamwambia auache, bado una kazi.